Mtu Aliyepima Kuanguka Kwake

Mtu niliyemwona akianguka mara nyingi kuliko mwanadamu mwingine yeyote hakuwahi kujikwaa hata mara moja kwa miaka yote niliyomjua. Alianguka kutoka kwenye ngazi, kutoka kwenye paa, ndani ya pipa la unga na ndani ya shimo, na yote hayo aliyafanya kwenye sinema. Barabarani, pale Shinyanga mjini, alitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai: anatazama, anaweka mguu, anahakikisha, ndipo anainua mwingine. Kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa nyeupe kiasi kwamba dobi wake aliitundika mbele ya kibanda ili wateja waione.

Nitamwita Mchekeshaji, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomfanya ajulikane, ingawa mwenyewe alipenda kuitwa fundi. Habari za ukoo wake sizijui na sikuwahi kuuliza. Nilichojua ni kazi yake, na hiyo niliijua kwa karibu kuliko mtu yeyote, maana mimi ndiye niliyekuwa sauti yake.

Sinema zile hazikuwa na sauti. Miaka michache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, gari la serikali lenye mashine ya kupigia picha lilizunguka Usukuma likitengeneza picha fupi za kuwafundisha wananchi kilimo, ujenzi na usalama kazini. Katika kila picha alikuwamo mtu mmoja wa haraka haraka, Bwana Pupa, ambaye alifanya kila jambo kombo na mwishowe likamwangukia kichwani. Huyo Bwana Pupa ndiye Mchekeshaji. Picha hizo ziliendelea kuonyeshwa vijijini hata baada ya vita kwisha, zimekwaruzika kama mgongo wa punda, na kwa kuwa zilikuwa kimya, lori la sinema lilibeba pia mtu wa kueleza kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, yanayotokea kwenye shuka jeupe.

Nilianza kwenye lori lile kwa kubeba jenereta. Mwezi wa pili nikapewa kipaza sauti, kwa sababu mwenye kazi hiyo alikuwa mtu wa kunong'ona, nami nilikuwa na sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Shinyanga, Kahama, Ushetu mpaka Nyarugusu, watu waliijua sauti yangu kabla ya kuiona sura yangu. Leo nina stashahada ya uhandisi wa migodi. Niliisomea ng'ambo, kwa Kiingereza, nikiwa mtu mweusi peke yangu darasani, na katika mtihani wa hesabu za miamba hakuna aliyenipita. Hata hivyo wapo wazee ambao wakiniona hawaulizi habari za stashahada, wanasema, "Huyu si yule wa sinema?" Sikatai. Vyote viwili nilivipata kwa jasho langu.

Ndani ya kofia yake Mchekeshaji aliweka uzi wa katani wenye mafundo matano. Fundo la kwanza lilikuwa goti lake, la pili kiuno, la tatu bega, la nne sikio, la tano utosi. Alikuwa amejipima mwili mzima na kuubeba kichwani. Kila alipotaka kuanguka kutoka mahali, alitoa uzi, akapima, akaurudisha, akatembea kidogo, akautoa akapima tena.

"Kwa nini mara mbili, Mzee?" nilimwuliza siku moja.

"Mara ya kwanza napima kitu. Mara ya pili najipima mimi, kama bado ni yule yule."

Ngazi zilizovunjika kwenye picha alizichonga mwenyewe. Alikata kipandio cha tatu kwa msumeno mpaka kikabaki unene wa kidole, kisha akakigonga kwa ukucha na kusikiliza. Wapiga picha walitaka kila kitu kiishe kabla ya jua kuwa kali. Yeye aliwakalisha kivulini mpaka aliporidhika na mlio wa mti. Mmoja wao alipompigia kelele kwamba ni kuanguka tu, kuna ugumu gani, alimpa ngazi na kumwambia, "Basi tangulia." Yule bwana akaenda kunywa chai. Kwa Mchekeshaji, mtu aliyeanguka bila kupima hakuwa anachekesha, alikuwa anahitaji mganga.

Iko picha moja iliyowainua watu kila tulikokwenda. Fahali anamkimbiza Bwana Pupa katikati ya soko, Bwana Pupa anajitupa ndani ya pipa la unga, fahali anasukuma pipa, pipa linabingirika na mtu ndani yake. Wasukuma wanajua ng'ombe. Walijua kwamba mtu na mwenzake wanaweza kupatana waigize ugomvi, lakini fahali hapatani na mtu, kwa hiyo waliamini kabisa kwamba yule jamaa alinusurika kwa bahati. Ukweli nilikuja kuupata kwake baadaye, tukiwa tumeketi barazani. Kwa wiki mbili nzima kabla ya picha alikuwa akimlambisha fahali yule chumvi kutoka mfuko wa nyuma wa suruali yake. Fahali hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa anafuata chumvi.

"Ndiye mwigizaji bora niliyewahi kufanya naye kazi," alisema, bila kutabasamu. "Na ndiye peke yake aliyefika kwa wakati."

Hakutabasamu kwa sababu hakuwa mtu wa kicheko. Hilo liliwashangaza wengi. Watu walimsogelea sokoni na kumsimulia vichekesho wakitumaini kumfurahisha fundi mwenzao. Aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maswali. Huyo mtu katika kisa chako alisimama wapi? Mlango ulifunguka ndani au nje? Msimuliaji aliondoka amechoka. Alikuwa pia na majivuno yake, nisifiche. Alikuwa na macho mabovu lakini alikataa miwani mpaka uzee ulipomlazimisha, na alikuwa bahili wa sifa kupita kiasi. Miaka yote niliyosema kwenye kipaza sauti, na nilisema vizuri, aliniambia neno moja tu la kazi yangu, nalo nitalifikia.

Mkewe, Mama Zuhura, ndiye aliyekuwa na maneno kwa wote wawili. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, na alitulalamikia hivi kila tulipokwenda kula kwake:

"Ninyi mmemwona akianguka bure. Mimi mkewe, nampikia, namfulia, hajaniangukia hata siku moja! Nikimwaga maji mlangoni anayazunguka. Nimeolewa na mchekeshaji, naishi na kadhi."

"Mama Zuhura, chai inapoa," Mchekeshaji alisema.

"Mnasikia? Kadhi!"

Sasa nifike kwenye jambo lililomkaa rohoni. Wale waliomwona kwenye shuka hawakuona uzi wala chumvi. Waliona mjinga. Siku moja nilikuwa naye dukani Shinyanga alipokwenda kununua chemni, kile kioo chembamba cha taa. Mwenye duka, mtu mzima mwenye adabu zake, alimsalimia vizuri, akaitoa chemni kwenye boksi, akamtazama Mchekeshaji, kisha akanipa mimi ile chemni.

"Mshikie mzee mpaka nyumbani," aliniambia. "Si unamjua."

Mchekeshaji alilipa. Tulipofika kona aliichukua chemni mikononi mwangu, akaenda nayo peke yake mbele yangu, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitembea haraka.

Na aliyewafundisha watu kumwona hivyo alikuwa nani? Picha zilikuwa kimya. Maneno yalikuwa yangu. "Mtazameni mpumbavu huyu!" nilikuwa nikisema, na watu elfu wakaangua kicheko. Picha iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya mgodini. Bwana Pupa anaweka matimba, yaani magogo ya kushikilia paa la shimo, moja baada ya jingine yanamporomokea, na mwisho anatoka nje na gogo shingoni kama kola. Hapo nilikuwa na maneno yangu maalumu, niliyoyatunga mwenyewe: "Akiweka huyu matimba, aga nyumbani kabisa!" Watu waliyashika. Waliimba njiani wakirudi makwao. Nilijiona bingwa.

Baadaye gari la picha liliacha kuja, na picha zenye sauti zikaanza kufika mjini. Mchekeshaji alirudi kwenye fani yake ya asili, useremala, na mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita ulipotafuta fundi wa kusimamia matimba ya shimo jipya, alikwenda akachukuliwa. Mimi nilikuwa nimemtangulia pale. Nilikuwa karani wa zamu, naandika majina ya wanaoshuka na wanaopanda, na jioni nasoma vitabu vya hesabu kwa taa ya karabai, maana nilikwisha amua kwamba sitakufa nikiwa karani.

Wachimbaji wa pale walitoka kila kona, Waislamu na Wakristo, Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Wanyamwezi, watu wa pwani. Lakini walikuwa na desturi moja iliyowaunganisha, waliyokuja nayo kutoka mashimo madogo ya kuchimba kwa mkono. Fundi akishaweka matimba mapya, hapigiwi makofi wala haandikiwi cheti. Anachukua chakula chake, anakwenda kuketi chini ya gogo aliloliweka, na kuanza kula. Wenzake wakiiamini kazi yake wanakuja, wananawa, wanatia mikono katika sahani ile ile. Wasipokuja, anamaliza peke yake, na hakuna atakayechimba chini ya gogo hilo.

Siku ya kwanza Mchekeshaji aliweka matimba ambayo leo, kwa macho ya stashahada yangu, nasema yalikuwa kazi safi. Aliketi chini yake na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kukaanga. Wanaume thelathini walisimama mbali na taa zao. Hakuna aliyenawa.

Kiongozi wao alikuwa Manju. Namwita hivyo kwa sababu nje ya shimo alikuwa manju kweli, mtunzi na mkuu wa kikundi cha ngoma, mtu mrefu mwenye mabega ya jembe, na wenzake walimfuata ngomani na shimoni vilevile.

"Bwana Pupa!" alimwita kwa sauti ya upole ya kejeli. "Chakula chako kinanukia. Lakini mimi nina watoto wanne, ngosha. Niende nikafie chini ya gogo la sinema?"

"Njoo ulipime," Mchekeshaji alisema.

"Nimeshapimiwa." Manju akanigeukia mimi, niliyesimama na daftari la zamu. "Karani, si wewe mwenyewe uliyesema? Sema tena tusikie. Akiweka huyu matimba..."

"Aga nyumbani kabisa!" wanaume wote wakaitikia, wakacheka mpaka shimo likarudisha sauti.

Nimesimama mbele ya maprofesa nikiwa sijui jibu. Aibu yake haikufikia ile ya siku hiyo. Mchekeshaji alimaliza michembe yake, akakunja kitambaa, akapanda. Nilimfuata mpaka kwenye kibanda chake nikiwa na maneno mengi ya kuomba radhi. Hakuyataka.

"Ile sauti uliifanya vizuri," alisema. Hilo ndilo neno moja nililosema nitalifikia. "Tatizo lake ni kwamba sasa inatembea yenyewe."

Siku tisa alikula peke yake. Siku ya tisa Bwana Meneja, mzungu aliyesimamia mgodi, aliniita ofisini. Hakujua habari za sahani. Alichojua ni kwamba shimo jipya halichimbwi. Alinipa ujumbe niupeleke. Mwisho wa juma kulikuwa na sikukuu ya ngoma baada ya mavuno. Kikosi kisiposhuka chini ya matimba yale Jumatatu, fundi atarudi Shinyanga.

Mchekeshaji alinisikiliza, akauliza swali moja tu: "Ngoma zenyewe zinachezwa wapi?"

Ngoma za mashindano za Wasukuma, mbina, hazina mwamuzi mwenye filimbi. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wako huru kukimbilia wanakotaka. Jua likishuka, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila manju huja na kitu cha kuvuta watu. Mwaka ule Manju wetu alikuja na chatu mzima shingoni. Wapinzani wake, waliotoka upande wa Nyarugusu, walikuja na wachezaji waliotembea juu ya miti mirefu iliyofungwa miguuni. Tangu asubuhi watu walikuwa wakikimbia kwenda na kurudi kama maji ndani ya karai.

Katikati, mahali ambapo hakuna mtu aliyesimama, Mchekeshaji alisimika nguzo mbili na boriti juu yake, na kwenye boriti akaning'iniza kwa kamba gogo la timba, gogo la kweli lililotoka shimoni, ambalo wanaume wawili walilibeba kwa taabu. Kando yake ngazi na ndoo ya unga. Mama Zuhura alikuwa ameletwa na lori kutoka Shinyanga, amebeba kibuyu na kunung'unika.

Mimi nilikuwa nimeazima kipaza sauti cha zamani. Nilikuwa nimetunga maneno mapya usiku kucha, ya kumsifu, ya kufuta yale ya kwanza. Mchekeshaji aliutazama mzigo wangu.

"Rudisha," alisema. "Leo kazi yako ni kunyamaza."

Alivua kanzu, akabaki na suruali fupi ya Bwana Pupa na koti lisilo na mkono mmoja. Akapima kwa uzi. Akazunguka. Akapima tena. Kisha akalisukuma gogo kwa kisigino kana kwamba hana habari nalo, na kazi ikaanza.

Gogo lilikwenda na kurudi. Liliporudi, alikuwa ameinama kuokota msumari, likapita juu ya mgongo. Liliporudi tena, alikuwa amegeuka kujikuna paja, likapita karibu na sikio, nywele zikacheza. Alipanda ngazi, kipandio cha tatu kikakatika, akashuka kwa makalio, na gogo likapita pale ambapo kichwa chake kilikuwa kabla ya kukatika. Mara nane nilihesabu. Mara nane mtu yule alikuwa mahali pengine kwa upana wa vidole viwili, na kila mara uso wake ulisema kwamba hajui chochote.

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa mama mmoja muuza togwa. Halafu wakaja kumi. Halafu nikasikia miguu. Walitoka upande wa chatu, wakatoka upande wa miti mirefu, vumbi likapanda, wakajaa mpaka wengine wakasimama juu ya magurudumu ya lori. Wapiga ngoma wa pande zote mbili walibaki wakipigia uwanja mtupu, mmoja akasimama, mwingine akasimama, mwishowe Manju mwenyewe akaja na chatu wake shingoni kuona nani amemnyang'anya watu. Mdomo wangu uliwasha. Nilikuwa na maneno ya kila tukio. Nimefanya mitihani mingi maishani na kuifaulu yote. Ule wa kunyamaza siku ile ndio ulionitoa jasho.

Ndoo ya unga ilipommwagikia na watu kulia kwa kicheko, Mchekeshaji aliacha. Aliacha kabisa. Akajipangusa, akavaa kanzu yake nyeupe, akatoa uzi kwenye kofia na kuuonyesha watu pande zote, fundo kwa fundo. Akapima kutoka ardhini hadi gogo. Kisha akachukua kibuyu kwa Mama Zuhura, akakisimamisha juu ya mti alioukita ardhini, kwenye kimo cha sikio lake, hatua nusu mbele ya mahali alipokuwa akisimama. Akalisukuma gogo.

Kibuyu kilipasuka. Vipande viliruka hadi miguuni mwa wapiga ngoma. Kwa mara ya kwanza watu wote wakalitazama gogo.

Akarudi nyuma hatua ile nusu, akasimama wima na kanzu yake, na kulisukuma tena. Lilipita mbele ya uso wake. Likarudi. Likapita. Kanzu ilipepea tu.

Manju alimvisha chatu wake mtu mwingine.

"Niweke na mimi," alisema.

"Wewe ni mrefu," Mchekeshaji alimjibu. "Ngoja."

Akampima. Goti, kiuno, bega. Uzi ukaishia shingoni kwake, akaongeza kiganja kimoja na vidole viwili. Akamsukuma mguu wa kushoto kidogo kwa ncha ya kiatu. "Usipumue kwa tumbo," alimwambia. Gogo likaenda. Manju alifumba macho. Likapita, likarudi, likapita, na alipofumbua macho alikuwa bado ana pua.

Aligeuka kwa wachimbaji wake, na ile ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika bila kipaza.

"Ninyi! Huyu mtu haangukagi! Mmesikia? Tangu tumjue hajawahi kuanguka. Aliyepima gogo lipite kwenye sikio lake mara nane, huyo ndiye ninayetaka anipimie gogo la juu ya kichwa changu!"

Shangwe iliyoinuka pale sijaisikia tena, hata nilipokuwa ng'ambo siku ya kugawiwa vyeti. Walimbeba mabegani akiwa anawasihi waangalie kanzu. Wazee wa ngoma wakatangaza kwamba mwaka ule vikundi vyote viwili vimeshindwa, na aliyeshinda ni mtu mmoja asiye na ngoma. Mama Zuhura alisimama kando amejishika kiuno, machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Kumbe ndiyo hivyo ulivyokuwa unafanya! Miaka yote hiyo ulikuwa unanificha?"

"Ungenivunjia kibuyu kila siku," alisema mumewe.

Jumatatu asubuhi aliketi chini ya matimba yake na sahani ya michembe. Mkono wa kwanza ulioingia ulikuwa wa Manju. Wa pili ulikuwa wangu, ingawa karani hakuwa na kazi yoyote kule chini. Wanaume thelathini walipomaliza, Mchekeshaji alikuwa hajapata hata karanga moja.

Baada ya hapo maisha yake yalikuwa ya heshima tupu. Alisimamia matimba ya mashimo matatu, na hakuna gogo lake lililowahi kumwangukia mtu. Shinyanga mwenye duka alimuuzia chemni kwa mkono wake mwenyewe. Mimi niliondoka, barua yangu ya kukubaliwa masomoni niliisoma mbele yake, akaniuliza kama huko kuna viazi.

Nilirudi miaka ya hamsini ikielekea mwisho, na sanduku la vitabu, suti mbili, na stashahada ndani ya bomba la bati. Mgodi ulinipa shimo la kwanza kusimamiwa na Mwafrika mwenye cheti. Nilipanga matimba kwa hesabu mpya: magogo machache kuliko zamani, lakini kila moja mahali ambapo uzito wa mwamba unashuka. Karatasi zangu zilikuwa sahihi. Nilijua ni sahihi. Wachimbaji walitazama juu, wakahesabu magogo, wakatazamana.

Mhandisi halazimiki kula shimoni. Hakuna kitabu kinachosema hivyo. Lakini nilijua nilikotoka, nikavua koti, nikaketi chini ya gogo la kati na sahani ya ugali na mlenda. Nikaanza kula. Manju, ambaye sasa alikuwa nyapara mwenye mvi, alisimama mbele ya wenzake akakuna kidevu.

"Shikamoo ya zamani haijengi paa, Karani," alisema taratibu. "Samahani. Mhandisi. Magogo yamekuwa machache."

Siku ya kwanza hakuja mtu. Ya pili hakuja mtu. Siku ya tatu nikasikia fimbo ikigonga mawe kule mlangoni, polepole: gonga, mguu, gonga, mguu. Alikuwa amepanda treni Shinyanga hadi Isaka, akadandia lori la mizigo kupitia Kahama, mzee mwenye miwani minene na kanzu nyeupe, ndani ya shimo la dhahabu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimesikia unakula peke yako."

Alitoa uzi kwenye kofia. Ulikuwa umefifia lakini mafundo yalikuwa palepale. Akapima kati ya gogo na gogo, akagonga kila moja kwa ukucha, akisikiliza.

"Hesabu hizi umezipata wapi?"

"Ng'ambo, Mzee. Nilikuwa wa kwanza darasani."

"Na huko wanakula chini yake?"

"Hapana."

"Basi walikufundisha nusu. Hiyo nusu nyingine naona ulikuwa nayo."

Akatembea mpaka mwisho wa shimo, akarudi. Akapima tena, mara ya pili. Akauzungusha uzi, akaurudisha ndani ya kofia, akanawa mikono kwenye kopo, akaja kuelekea kwangu. Hatua tatu kabla ya kunifikia fimbo iliteleza kwenye jiwe.

Alianguka. Miguu ilikwenda juu, kofia ikaruka, wanaume wote wakapiga ukelele na Manju akanyoosha mikono kumdaka. Mzee yule akageuka nusu hewani, akatua kwa makalio mbele ya sahani yangu, miguu imekunjwa, miwani imenyooka, kofia ikadondoka magotini pake, na mkono wake wa kulia ulikuwa tayari ndani ya ugali. Hakumwaga hata tone la mlenda.

Manju alibaki amenyoosha mikono hewani. Kisha kicheko kikapasuka. Alikula tonge la kwanza, akatazama gogo langu juu ya kichwa chake, akakata la pili.

Manju alikuwa ameshanawa. Alijipenyeza kati yetu na mabega yake yale.

"Sogeza mboga, Mhandisi," alisema. "Wako wengi nyuma yangu."